Ukiona njia Liguria, kuna aliyeichimba

Kila Jumamosi ya msimu wa vuli, kabla jua halijakolea, nje ya kuta za mji mkongwe wa Finalborgo huonekana jambo lile lile. Vani zenye trela hupanga foleni kando ya barabara. Baiskeli hupakiwa moja moja, tairi la mbele la hii likikaa na tairi la nyuma la ile, na katikati hutiwa blanketi kuukuu ili vyuma visikwaruzane. Wenye baiskeli huongea Kijerumani, Kifaransa, Kicheki, Kiingereza. Humalizia kahawa wakiwa wamesimama, huingia garini, na kabla ya saa moja kupita wako juu, karibu mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo wenyeji na wageni hupaita Base NATO kwa sababu ya kituo cha kijeshi cha mawasiliano kilichokuwa hapo zamani. Huko hufunga kofia ngumu, hushusha siti, huvaa glavu. Kisha hushuka.

Hushuka wakipita misitu yenye ukungu, halafu misonobari na mialoni, halafu miamba ya chokaa, halafu mizeituni, mpaka harufu ya chumvi ya bahari iwafikie puani. Waulizwe wameona nini, watataja kona, mawe, mizizi, na mruko mmoja uliowatia hofu. Ni nadra kumsikia mtu akimtaja yule aliyeshika jembe Jumatano iliyopita, akazibua mfereji ili maji yasiikate njia ile vipande viwili.

Makala haya yanamhusu mtu huyo wa jembe, pamoja na mzee mwenye ukuta wa mawe ambao njia hupita kandokando yake. Vijia vya baiskeli vya vilima vya Italia vimetengenezwa kwa mikono na vinaendelea kushikiliwa na mikono. Lakini sehemu kubwa ya fedha wanazoacha wageni hukaa pwani, kwenye hoteli, mikahawa na maduka ya vipuri, ilhali gharama hubaki mlimani. Hali hii haifai kuendelea. Kila usiku mmoja anaolala mgeni mjini unapaswa kuwa na senti zake zinazopanda mlimani, kwa utaratibu ulioandikwa na kukaguliwa, bila kusubiri hisani ya mtu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Finale Ligure, ambao Finalborgo ni mtaa wake mkongwe, ni mji mdogo wa pwani katika jimbo la Savona, mkoani Liguria, wenye wakazi wanaozidi 10,000 kidogo. Kwa zaidi ya karne moja mkate wa familia nyingi ulitoka katika kiwanda cha Piaggio, kilichofunguliwa hapo mwaka 1906 na baadaye kikajulikana kwa ndege. Katika muongo wa 2010 shughuli zake zilihamishiwa Villanova d'Albenga, kilomita kadhaa kuelekea magharibi, na majengo makubwa ya ufukweni yakabaki kimya. Utalii wa bahari ulikuwapo, ndiyo, lakini utalii wa bahari ni wa Julai na Agosti. Miavuli ikifungwa, mji hulala. Mhudumu wa mkahawa aliyeajiriwa Juni alikuwa akijua kwamba Oktoba hana kazi.

Baiskeli ziliigeuza kalenda hiyo. Hali ya hewa ya Liguria ni ya upole wakati Alps ziko chini ya theluji, kwa hiyo mtu wa Munich au Zurich anayetaka kupanda baiskeli Novemba au Machi huangalia kusini. Wapanda miamba walikuwa wa kwanza, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Waliofuata ni watu wa magurudumu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uwanda wa Manie, juu ya mji, ukaanza kuwa na mashindano ya saa 24. Mwaka 2013, mfululizo wa kimataifa wa mbio za enduro za baiskeli za milimani ulipoanzishwa, duru ya kwanza kabisa ilikimbiwa Punta Ala, Toscana, mwezi Mei, na ya mwisho ikamalizikia Finale mwezi Oktoba. Jérôme Clementz wa Ufaransa na Tracy Moseley wa Uingereza waliondoka hapo wakiwa mabingwa wa msimu. Tangu hapo jina la mji huu likawa kama Iten kwa wakimbiaji: mtu wa mchezo huo hahitaji kuelezwa mji uko wapi.

Matokeo yake kwa nyumba ya kawaida yanaonekana bila darubini. Mwoka mikate hafungi Novemba. Binti wa jirani aliyesomea ufundi amepata kazi ya kurekebisha breki na gia badala ya kuhamia Torino. Bibi mwenye vyumba viwili vya juu anavipangisha Februari, na ameweka ndoano ukutani pa kuning'iniza baiskeli na mpira wa maji uani wa kuoshea matope. Nani atabeza hayo? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na katika Finale mwenyeji wa pwani amepona kweli.

Mwenyeji wa juu je?

Ukuta usiofungwa kwa saruji

Liguria ni nchi iliyosimama wima. Mlima huanza pale bahari inapoishia, na mkulima wa zamani hakuwa na tambarare ya kulima. Akafanya kile walichofanya wakulima wa miteremko mikali popote duniani: akaukata mlima ngazi kwa ngazi, na kila ngazi akaizuia kwa ukuta wa mawe makavu, yasiyofungwa kwa udongo wala saruji. Wenyewe huziita ngazi hizo fasce. Juu yake ilipandwa mizeituni, mizabibu, mboga kidogo. Mwaka 2018 UNESCO iliuweka ufundi huo wa kujenga kwa mawe makavu katika orodha ya urithi wa binadamu, Italia ikiwa moja ya nchi nane zilizouwasilisha.

Inafaa kuusogelea ukuta mmoja wa namna hiyo na kuutazama kwa utulivu. Mawe makubwa yako chini. Kila jiwe la juu limekalia mawe mawili ya chini, kama matofali yanavyopishana. Ukuta wenyewe umelala kidogo kuelekea mlimani, hausimami wima, kwa sababu unabeba uzito wa udongo mbichi. Nyuma ya mawe yanayoonekana kuna mengine yasiyoonekana, madogo kama ngumi ya mtoto, yaliyojazwa kwa mkono. Hayo ndiyo yanayopitisha maji. Mvua inaponyesha, ukuta hulia: maji hutiririka taratibu kati ya mawe, na udongo hubaki mahali pake. Ukuta wa saruji ungeyafungia maji nyuma yake mpaka ukapasuka. Huu wa mawe makavu hupumua. Fundi mzuri akijitahidi siku nzima hujenga mita chache tu za mraba.

Sasa liondoke jiwe moja la juu. Labda limesukumwa na nguruwe pori anayetafuta mizizi. Nguruwe hao wamejaa vilima vile. Labda limeguswa na tairi la mtu aliyekata kona mapema kuliko njia inavyotaka. Udongo wa nyuma huanza kumwagika kidogo kidogo. Mvua ya kwanza huteremsha mawe matatu, ya pili huacha tumbo limefura katikati ya ukuta, na majira ya baridi yakiisha kuna pengo la upana wa mlango na mzeituni umelala kifudifudi kwenye ngazi ya chini. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa Liguria, lakini kwa mkulima wa huko ufa na ukuta si mfano wa maneno. Ni mawe ya kunyanyua kwa mgongo wake mwenyewe.

Wengi hawapo tena wa kuyanyanyua. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vijana walishuka kwenda kwenye viwanda vya Genoa, Torino na Milano, na maelfu ya ngazi yakaachiwa vichaka. Hatari ya kuziacha ilionekana tarehe 25 Oktoba 2011, mashariki mwa mkoa huo huo wa Liguria, mvua ya saa chache iliposhusha mlima ndani ya vijiji vya Vernazza na Monterosso. Watu walikufa, magari yalielea, matope yalifika ghorofa ya kwanza. Mvua ilikuwa kubwa mno, hilo halina ubishi. Lakini miteremko ambayo kuta zake ziliachwa bila matunzo iliongeza mawe na udongo kwenye mafuriko yale. Ukuta wa mzee wa juu, kumbe, ulikuwa ukilinda sebule ya mtu wa chini.

Hapa ndipo njia ya baiskeli inapoweza kuwa dawa au sumu. Njia iliyotengenezwa vizuri haishuki moja kwa moja kama maji. Hukata mteremko kwa ubavu, na mwinuko wake hauzidi nusu ya mwinuko wa mlima wenyewe. Ukingo wake wa nje huwa chini kidogo kuliko wa ndani, ili maji yavuke na kwenda zake yasije yakaigeuza njia kuwa mto. Kila baada ya hatua kadhaa huwekwa bonde dogo la kuyatoa maji. Mpanda baiskeli hupita hapo akadhani ni tuta la kumfurahisha. Njia kama hiyo huwafikisha watu na zana mahali ambapo hapakufikika tena, na kuta zinazopakana nayo hupata wa kuziangalia.

Njia mbaya ni kinyume cha hayo. Mtu amepita pasipo njia akitafuta mteremko mkali zaidi, na wengine wamefuata alama zake. Kwenye kona breki ya nyuma imekaza, tairi limeburuta, udongo mwekundu umefunguka kama kovu. Mvua ikija hukuta mfereji uko tayari. Baiskeli za umeme zimeongeza uzito wa jambo hili. Kanuni za Ulaya huruhusu mota ya wati 250 imsaidie mtu mpaka kasi ya kilomita 25 kwa saa, na aliyekuwa na nguvu ya kushuka mara mbili kwa siku sasa anashuka mara nne. Starehe imeongezeka maradufu kwenye udongo ule ule, chini ya jembe lile lile.

Mwindaji ana sheria, mwenye shamba ana mashaka

Kuna jambo katika sheria za Italia ambalo msomaji wa mbali huenda asilitarajie. Kifungu cha 842 cha Sheria ya Madai ya mwaka 1942 hakimruhusu mwenye ardhi kumzuia mwindaji kuingia shambani mwake, isipokuwa shamba limezungushiwa uzio kwa namna inayotakiwa na sheria. Mwindaji wa nguruwe pori ana mlango wake kisheria. Mwendesha baiskeli hana kifungu kama hicho. Anapita kwa mazoea, kwa makubaliano, kwa ukimya wa mwenye mali, au kwa kuwa njia ni ya umma tangu enzi na enzi. Zipo za enzi kweli: karibu na Finale, katika bonde la Ponci, hupita mabaki ya Via Julia Augusta, barabara iliyofunguliwa na Mfalme Augusto mwaka 13 KK, na madaraja ya Kirumi bado yamesimama ndani ya msitu.

Kwa upande wa pili kipo kifungu cha 2051, kinachomwajibisha mwenye kutunza kitu kwa madhara yanayotokana na kitu hicho. Mwanasheria atafafanua mipaka yake na kueleza lini mpita njia ndiye mwenye kosa. Lakini mzee wa miaka 78 mwenye ngazi nne za mizeituni si mwanasheria. Yeye anajua jambo moja: kijana akivunjika bega shambani mwake, barua inaweza kuja kwake. Ndiyo maana anafunga njia kwa waya na matawi makavu. Wageni humwita mkorofi. Ukorofi wake uko wapi, ikiwa faida yote inapita mbele ya mlango wake kwa kasi na kinachobaki ni hofu ya mahakama?

Wilaya zinaweza kumwondolea hofu hiyo kwa kusaini naye mkataba, kuichukua njia chini ya dhamana yao na kuikatia bima. Hilo ni karatasi, muhuri, na nia.

Homa iliyofunga milima

Kwamba uchumi huu unasimama juu ya ridhaa ya mlima lilijulikana Januari 2022. Nguruwe pori aliyekutwa amekufa Ovada, Piemonte, alithibitishwa kuwa na homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huo kwa mara ya kwanza katika sayansi ulielezwa kutoka Kenya, mwaka 1921, na wafugaji wa nguruwe wa Afrika Mashariki wanaujua kwa machozi: haumdhuru binadamu, lakini huweza kumaliza zizi zima ndani ya siku chache. Kwa kuwa virusi hubebwa hata na matope ya viatu na matairi, serikali ya Italia ilipiga marufuku uwindaji, kutembea msituni, kuokota uyoga na kupanda baiskeli za milimani katika wilaya 114 za Piemonte na Liguria, kwa miezi.

Finale yenyewe ilikuwa nje ya mstari uliochorwa mwanzo. Majirani zake wa mashariki walikuwa ndani. Nyumba za wageni zilizotegemea wikiendi za majira ya baridi zilibaki na funguo ukutani, na waongozaji wa misafara ya baiskeli walikaa nyumbani. Ilitosha mnyama mmoja mgonjwa na amri moja, biashara yote ikasimama, ufukwe ukiwa uko pale pale na mikahawa iko wazi. Kilichokosekana ni mlima. Je, kama mlima ndio bidhaa, kwa nini matunzo yake yaachiwe michango ya hiari na wapenzi wa mchezo wanaokwenda kuchimba Jumapili?

Wapenzi hao wanastahili heshima kubwa. Italia ina mila ndefu ya kujitolea kwa ajili ya njia: wanachama wa Club Alpino Italiano, chama kilichoanzishwa mwaka 1863, ndio waliopaka zile alama nyekundu na nyeupe kwenye mawe na miti nchi nzima. Ila mwenye kujitolea huzeeka, huhama, huumwa mgongo. Maji hayana likizo.

Walioanza kuhesabu vizuri

Gurudumu linaweza kuokoa njia, na ushahidi upo. Mwaka 1997, huko Gaiole in Chianti, Toscana, Giancarlo Brocci aliwakusanya waendesha baiskeli 92, juu ya baiskeli za kizamani, wakapita kwenye barabara za changarawe nyeupe kati ya mashamba ya mizabibu. Mbio hizo, L'Eroica, zilikuwa na dai moja: barabara nyeupe zisimezwe na lami. Zimekua mpaka zikazaa, mwaka 2007, mbio za kulipwa ambazo leo huitwa Strade Bianche na humalizikia uwanja wa Campo mjini Siena. Mkulima wa Chianti ambaye zamani aliona changarawe kama alama ya kusahauliwa sasa anauza divai na chumba cha kulala kwa sababu ya changarawe ile ile.

Kisiwani Elba, machimbo ya chuma ya Capoliveri yalifungwa mwaka 1981. Njia za wachimbaji kwenye mlima Calamita, zenye vumbi jekundu linaloshika kwenye mnyororo na soksi, zikageuzwa kuwa njia za baiskeli, na Oktoba 2021 mashindano ya dunia ya masafa marefu yalifanyika hapo. Ardhi iliyokwisha kutoa chuma ilipata kazi ya pili.

Katika Alps hesabu ni rahisi: kuna lifti, lifti ina tiketi, na aliyekata tiketi amechangia njia. Vilima vya Liguria havina lifti wala geti, na ni vizuri visiwe na geti. Uzuri wa mahali hapo ni kwamba mtoto wa Finalborgo hutoka mlangoni kwao na baiskeli yake bila kumlipa mtu. Ndiyo maana chombo sahihi ni kodi ya malazi. Tangu mwaka 2011 sheria ya Italia huruhusu miji ya kitalii kumtoza mgeni kwa kila usiku, kwa kawaida isiyozidi euro 5, na fedha hiyo imeelekezwa kwenye utalii na utunzaji wa mazingira na urithi wa mahali. Njia ni utalii. Ukuta wa mawe makavu ni mazingira na urithi kwa pamoja. Sehemu maalumu ya kodi hiyo itengwe, iandikwe kwenye bajeti ya mji, na ivuke mpaka wa wilaya, kwa kuwa mgeni hulala pwani ila hushukia kwenye ardhi ya vijiji vya juu vyenye hoteli chache au visivyo nayo kabisa.

Kiasi si lazima kiwe kikubwa. Atakayepinga atasema wageni watakimbilia kwingine. Mtu aliyenunua baiskeli ya maelfu ya euro, akaendesha gari kutoka Bavaria, akalipa vani na chakula cha jioni, atakimbia kwa senti 50? Kinachomkimbiza ni njia iliyooza.

Na fedha ikifika mlimani ifanye nini? Ilipe mshahara wa mwaka mzima wa watu wa jembe, wenye mkataba na bima, badala ya vibarua vya wiki moja kabla ya mashindano. Ilipe mafundi wachache waliobaki wa mawe makavu wafundishe vijana, kwa sababu ufundi ule haujifunzwi kwa kusoma. Na imlipe mwenye shamba kodi ndogo ya kila mwaka kwa kila njia inayopita kwake, pamoja na ahadi kwamba ukuta ukibomoka utasimamishwa kwa gharama ya mji. Mzee wa ngazi nne za mizeituni akipata hayo, waya na matawi makavu atayaondoa mwenyewe.

Jumatatu asubuhi vani huwa zimelala na trela zimeegeshwa tupu. Juu kidogo ya nyumba za mwisho, kwenye kona ambayo Jumapili ilipitiwa tangu asubuhi hadi jioni, mtu mmoja huinama. Hukwangua udongo uliojaa kwenye mdomo wa mfereji, huutupa upande wa chini wa njia, hurudisha jiwe lililoanguka na kulitikisa kwa kiganja mpaka likae. Kisha huchukua jembe na kwenda kwenye kona inayofuata. Mvua imetabiriwa Alhamisi.